Michango ya NSSF na WCF: ikatwe, ilipwe, ionekane kwa jina

Mfanyakazi anaweza kukatwa mwaka mzima na bado akaunti yake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikawa na matundu. Kwa mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara, kazi ya HR ni kuhakikisha kila shilingi iliyokatwa inaingia kwa jina lake na kwa mwezi wake.

Anzia siku ya kuajiri. Chukua namba ya NIDA, kisha uliza kama mtu huyo ana namba ya uanachama kutoka kazi ya zamani. Kama anayo, itumie hiyohiyo. Ukimsajili upya, michango yake inagawanyika mafungu mawili, na atahangaika kuyaunganisha wakati anadai mafao. Jina liandikwe kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi: "Mohamed" mmoja na "Mohammed" mwingine wameshasumbua watu wengi dirishani. Wala usingoje muda wa majaribio uishe ndipo umsajili.

Jumla ya mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara ghafi (kabla ya makato), na fungu la mfanyakazi halizidi asilimia 10. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5, na hiyo anailipa mwajiri peke yake. Ukiikuta kwenye makato ya salari slipu, kuna kosa.

Tuseme mshahara ghafi ni Sh 800,000. NSSF ya mfanyakazi ni 80,000, ya mwajiri 80,000, WCF 4,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 720,000 inayobaki, si kwenye 800,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi ni 60,000, naye anaondoka na 660,000. Ukianza na kodi kabla ya kutoa NSSF, utamkata 78,000. Umempunja 18,000 kila mwezi. Kosa jingine la kawaida ni kuchangia kwa mshahara wa msingi tu na kuacha posho, ili mchango uwe mdogo. Wakaguzi huomba orodha ya mishahara na vitabu vya hesabu, na tofauti hiyo inaonekana haraka.

Malipo ya NSSF yana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara: ya Januari yafike kabla Februari haijaisha. Pakia orodha ya majina na michango kwenye mfumo wa mwajiri, toa kontroli namba, halafu wapelekee wahasibu. Jumla ya orodha na kiasi kilicholipwa zilingane. Usiache mpaka siku ya mwisho, maana jina moja likikataa kupakiwa unaanza kulitafuta huku muda unakwisha, na kuchelewa kuna tozo. Deni lote, pamoja na fungu la mfanyakazi, anadaiwa mwajiri.

Wiki moja baadaye chagua majina machache, wakiwemo wapya wote, na uwaombe waangalie taarifa zao za michango. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna kinachogundua mapengo mapema kuliko hiyo.

Ajali ikitokea kazini, itolee taarifa WCF ndani ya siku 7, hata kama jeraha linaonekana dogo. Andika saa, mahali, alichokuwa anafanya na walioshuhudia, na utunze karatasi za hospitali.

Wakati wa kuachana na mfanyakazi, kuwa makini na barua. Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo sababu iandikwe wazi: amepunguzwa, mkataba umeisha, au amejiuzulu. Kumshawishi mtu aandike barua ya kujiuzulu "ili mambo yaende haraka" ni kumnyima fao hilo. Kabla hajasaini chochote, linganisha taarifa yake ya NSSF na salari slipu mwezi kwa mwezi, na pengo lolote lizibwe mwajiri akiwa bado anapatikana kirahisi.