Namna ya kusoma na kutumia neno "ullage"

Waingereza wengi hawalijui neno "ullage". Anayetafsiri hati za meli ya mafuta, orodha ya mnada wa mvinyo au kitabu cha roketi atakutana nalo tu, na kila mahali linamaanisha kitu tofauti kidogo. Hutamkwa "alij", mkazo ukiwa mwanzoni. Ukilisoma kwa herufi za Kiswahili utajikuta karibu na ulaji, na hapo hakuna undugu wowote.

Maana ya msingi ni nafasi isiyo na kimiminika ndani ya pipa, chupa au tangi. Asili yake ni Kifaransa: "œil", yaani jicho, ndilo jina walilolipa tundu la pipa, na kujaza hadi jichoni kukazaa "ouillage". Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anayejua Kifaransa ajihadhari hapa. Kwa watengeneza mvinyo wa Ufaransa, "ouillage" hadi leo ni kazi ya kujazia pipa lililopungua. Kiingereza kimebaki na pengo lenyewe.

Kabla ya kutafsiri, tazama kipimo kilichoandikwa kando ya neno. Ukiona lita au asilimia, ni ujazo wa nafasi tupu. Ukiona mita au sentimita, ni umbali. Kosa kubwa hutokea hapo, hasa kwenye hati za mafuta, ambako ullage ni umbali kutoka alama maalumu juu ya tangi hadi uso wa mafuta. Mwenzake ni "innage", au "sounding" kwa mabaharia: kina cha mafuta kutoka chini. Ukijumlisha viwili hivyo unapata kimo cha rejea cha tangi. Tuseme kimo ni mita 18.40 na ullage ni mita 1.25: kina cha mafuta ni mita 17.15. Anayeandika "kina cha mafuta ni mita 1.25" amemwaga tangi zima kwa kalamu.

Kwa sababu hiyohiyo, sentensi "the ullage has increased" husema mafuta yamepungua. Usiandike "kiwango kimeongezeka"; msomaji atadhani tangi limejaa zaidi. Andika "nafasi tupu imeongezeka", au sema wazi kwamba mafuta yameshuka.

Ukitafsiri ripoti ya ullage ya meli iliyofunga kwenye gati la mafuta la Kurasini, Dar es Salaam, au Kipevu, Mombasa, ni vizuri kujua kazi inavyofanyika. Mpimaji huteremsha utepe wa kielektroniki kupitia vali iliyo juu ya tangi. Kifaa hulia kikigusa mafuta, naye husoma utepe kwenye alama ya rejea. Namba hiyo peke yake haitoshi. Meli ikiwa imezama zaidi tezi (nyuma) kuliko omo (mbele), au imelala upande, uso wa mafuta hauwi sambamba na sitaha, kwa hiyo kipimo husahihishwa kwanza. Baada ya hapo huingizwa kwenye jedwali la tangi ili kupata ujazo, kisha ujazo hurekebishwa kwa joto, mara nyingi hadi nyuzi 15 za Selsiasi. Ndiyo maana tangi moja huweza kuwa na ullage mbili katika ripoti: iliyosomwa na iliyosahihishwa. Usizichanganye, na usiifute mojawapo ukidhani imerudiwa.

Kwenye lori la mafuta neno hurudi kwenye ujazo: nafasi inayoachwa makusudi ili mafuta yapate pa kutanukia. Petroli hutanuka takriban sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja. Lori lenye lita 36,000 likipashwa joto kwa nyuzi 12, petroli huongezeka kama lita 430. Tangi likijazwa hadi mdomoni, lita hizo zitatafuta njia ya kutoka.

Katika mvinyo mambo ni mepesi. Ullage ni pengo kati ya kizibo na mvinyo, na wauzaji hulieleza kwa umbo la chupa: shingoni, bega la juu, katikati ya bega. Mvinyo wa zamani ukishuka chini ya bega, mnunuzi hushuku kizibo kimepitisha hewa. "An ullaged bottle" basi ni chupa iliyopungua, hata kama haijafunguliwa.

Roketi zina ajabu yake. Bila uzito, fueli huelea ovyo tangini, na injini ikiwashwa yaweza kuvuta gesi badala ya fueli. "Ullage motors", kama zile za Saturn V, roketi ya Marekani iliyopeleka watu mwezini, ni injini ndogo zinazoisukuma roketi kidogo mbele ili fueli itulie upande wa bomba. Ziite "injini za kutuliza fueli". "Injini za nafasi tupu" haimwambii mtu chochote.

Katika baa za Uingereza, ullage ni bia iliyopotea au isiyouzika, kwa mfano ile inayomwagwa mabomba yakisafishwa. Na katika lugha ya mitaani ya wanamaji wa Uingereza, kumwita baharia "ullage" ni kumwambia hana faida. Hapo Kiswahili kina neno tayari: debe tupu.