Kondomu imepasuka: anza kwa kuhesabu saa

Duka langu la dawa liko Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Kabla ya hapo nilikuwa mkunga. Wateja huniuliza mambo mengi kwa sauti kubwa, ila hili la kuzuia mimba baada ya tendo huja kwa kunong'ona: “Mama, ile dawa ya kuzuia ipo?” Nami kabla ya kufungua kabati huuliza: ilikuwa siku gani, saa ngapi?

Jumatatu moja saa mbili asubuhi alikuja binti, kitenge amejifunga mpaka kifuani, simu ameishika kwa mikono miwili. Kondomu ilipasuka Jumamosi, kama saa nne usiku. Jumapili nzima alikaa nyumbani kwa sababu jirani alimwambia asubiri kwanza aone kama siku zake zitakuja. Tukahesabu pamoja kwa vidole: saa 34. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya pakiti: “Jumanne saa 4 usiku = saa 72. Alhamisi saa 4 usiku = siku 5.” Fanya hivyo hivyo wewe pia, hata kama ni nyuma ya kiganja.

Sababu ya haraka ni hii. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilisubiri yai. Yai likishatoka, huishi si zaidi ya siku moja hivi. Kidonge cha dharura kinafanya kazi ya kuchelewesha yai lisitoke. Likiwa limeshatoka, kidonge hakina la kuzuia. Ndiyo maana kumeza leo asubuhi ni bora kuliko leo jioni. Na kama mimba ilikuwapo tayari, kidonge hiki hakiitoi wala hakimdhuru mtoto. Wanaokiita dawa ya kutoa mimba wanakosea, na woga huo umewachelewesha wengi.

Wasichana huniambia, “Lakini nilikuwa siku salama.” Mwanangu, mimi siamini hesabu hiyo pale jambo limeshatokea. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya iliyopita, na hedhi inayofuata hujui itakuja lini. Ugonjwa, safari na mawazo huisogeza. Kama huna uhakika, jihesabu uko hatarini.

Dawa yenyewe ni levonogestreli miligramu 1.5. Hapa mpakani wengi huiita P2. Pakiti nyingine ina kidonge kimoja cha miligramu 1.5, nyingine vidonge viwili vya 0.75. Ukiwa na viwili, meza vyote pamoja. Usikeshe ukisubiri zipite saa 12 ndipo umeze cha pili. Soma tarehe ya kuisha kabla hujalipa. Kula kitu kwanza, hata rolex moja, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa sababu kichefuchefu ni cha kawaida. Ukitapika ndani ya saa 2, rudi umeze kipimo kingine. Hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72; baada ya hapo mpaka siku ya 5 kinaweza kusaidia, ila nguvu yake imepungua. Kuna kingine, ulipristali, ambacho huhimili vizuri zaidi mpaka siku ya 5. Ukikipata, ni kizuri kwa aliyechelewa.

Kinachoshinda vyote ni kitanzi cha shaba. Kikiwekwa ndani ya mfuko wa uzazi na mhudumu aliyefunzwa, kabla ya siku 5 kuisha, kwa wanawake 100 hata mmoja ni nadra kushika mimba, na kitaendelea kukukinga kwa miaka. Kituo cha afya cha serikali hutoa uzazi wa mpango bila malipo. Uliza kwanza kama yuko anayeweka kitanzi siku hiyo. Kama hayuko, usikae kumngoja: meza kidonge.

Mambo mawili lazima uyaseme dukani hata kama unaona haya. La kwanza, dawa unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama kabamazepini, na efavirenzi kati ya dawa za virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya kidonge. Mhudumu anaweza kukupa kipimo mara mbili au kukuelekeza kwenye kitanzi. La pili, uzito. Kwa mwanamke mnene kidonge cha levonogestreli huweza kufanya kazi kidogo zaidi, na kitanzi ndicho bora kwake. Anayenyonyesha hana sababu ya kuogopa levonogestreli.

Kuna saa 72 nyingine watu huzisahau. Kama hujui hali ya virusi ya mwenzio, nenda kituo cha afya ukaombe dawa za kinga baada ya hatari, PEP. Huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. P2 haikukingi na virusi wala kisonono. Na kama ulilazimishwa, nenda hospitali moja kwa moja. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi.

Kujiosha ndani kwa soda, ndimu au maji ya chumvi hakuzuii chochote, kunakuumiza tu. Kumeza tetrasaiklini pia hakuzuii.

Si kondomu pekee inayoleta watu dukani. Aliyeruka vidonge vya kila siku kwa siku tatu au zaidi, na aliyepitisha tarehe ya sindano ya miezi mitatu kwa zaidi ya wiki 4, naye ahesabu saa.

Baada ya kumeza, unaweza kuona matone ya damu, na hedhi ikaja mapema au ikachelewa siku kadhaa. Kidonge hakikukingi kwa tendo la kesho, kwa hiyo endelea na kondomu. Pima mimba kwa mkojo wiki 3 baada ya tukio, au hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, yanataka hospitali siku hiyo hiyo.

Yule binti alirudi baada ya wiki 3 na pakiti yake, maandishi yangu yamefifia. Alipima chooni kwangu, tukakaa dakika 5 tukiangalia kile kijiti kwenye mwanga wa mlango. Mstari mmoja: hakuna mimba. Akaniuliza sindano inachomwa siku gani.