SOMO: Kuomba PhD ya hali ya hewa Marekani ukiwa Afrika Mashariki

Wengi huanza kwa kutafuta chuo kikubwa. Kwenye fani hii anza na profesa. Marekani, mwanafunzi wa PhD ya hali ya hewa kwa kawaida hajilipii: profesa mwenye fedha za mradi humwajiri kama msaidizi wa utafiti, na fedha hizo hulipa ada na posho ya kujikimu. Profesa asiye na fedha za mwanafunzi mpya mwaka huo kwa kawaida hawezi kukuchukua hata ukiwa na A tupu. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumwonyesha mwenye mradi kwamba unaweza kuanza kazi.

1. Kagua hesabu zako (mwaka mmoja kabla). Kalkulasi ya vigeu vingi, milinganyo tofautishi, aljebra ya mistari, takwimu, na fizikia ya joto na mwendo wa gesi. Pengo likiwa moja linazibika. Yakiwa matatu, soma kwanza, maana kozi ya mienendo ya angahewa ya muhula wa kwanza haina huruma.

2. Chagua swali dogo. "Athari za mabadiliko ya tabianchi Tanzania" si swali, ni kichwa cha semina. Swali ni kama hili: El Niño ya 1997 na ya 2015 zote zilikuwa kali, lakini vuli ya 1997 ilileta mafuriko makubwa na ya 2015 haikufika huko, je, Daipo ya Bahari ya Hindi (tofauti ya joto la maji kati ya magharibi na mashariki mwa bahari hiyo) ilichangia kiasi gani? Hapo kuna miezi (Oktoba hadi Desemba), kuna eneo, na kuna kitu cha kupima.

3. Tengeneza mchoro mmoja kwa data halisi. Hatua hii ndiyo inayowatenganisha waombaji, na data zote ni za bure. CHIRPS, hifadhidata ya mvua, inatoa mvua kuanzia 1981 kwa gridi ya nyuzi 0.05, yaani kama kilomita 5 na nusu. ERA5, hifadhidata ya Ulaya inayounganisha vipimo na modeli ya kompyuta, inatoa upepo, unyevu, joto na mvua kwa kila saa kuanzia 1940, kwa gridi ya nyuzi 0.25. Usipakue dunia nzima: kigezo kimoja cha kila saa kwa mwaka mmoja kinapita GB 15. Kata eneo kabla ya kupakua, mathalani longitudo 28 hadi 44 Mashariki na latitudo 12 Kusini hadi 6 Kaskazini, utabaki na chini ya MB 200. Chora kwa lugha ya programu ya Python ukitumia xarray, maktaba yake ya kushughulikia data za gridi.

Wengi huharibu hapa:

- Mvua ya ERA5 iko kwa mita. Zidisha kwa 1000 upate milimita. Ukiona ramani yote ni sifuri, umesahau.
- Muda wa ERA5 ni wa UTC (saa za kimataifa, nyuma ya zetu kwa saa tatu), na kila thamani ni mvua ya saa iliyotangulia. Vituo vyetu husoma kipimamvua saa 3 asubuhi, yaani 06 UTC. Kulinganisha na kituo, jumlisha kuanzia 07 UTC hadi 06 UTC ya kesho yake. Ukijumlisha kwa siku ya kalenda, mvua ya usiku itaangukia siku isiyo yake na uwiano utaonekana mbovu bila sababu.
- CHIRPS imeshachanganya setilaiti na vipimamvua. Ukiihakiki kwa vituo vilevile vilivyotumika kuitengeneza, umekihakiki kitu kwa nafsi yake, na profesa ataliona hilo mara moja.

4. Andika baruapepe (Septemba hadi Oktoba). Maneno 150 hadi 200. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, swali lako, matokeo kwa sentensi mbili, kisha uliza kama anachukua mwanafunzi mwaka ujao. Ambatisha CV ya kurasa mbili na ule mchoro. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, basi. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa thelathini hujulikana kwa harufu.

5. Tuma maombi. Tarehe za mwisho nyingi ni kati ya Desemba na katikati ya Januari. Barua tatu za mapendekezo, matokeo rasmi ya chuo, na TOEFL au IELTS (mitihani ya Kiingereza) pale inapotakiwa. Idara nyingi zimeacha kudai GRE (mtihani wa kuomba masomo ya juu), lakini soma ukurasa wa idara yenyewe. Ada ya maombi inaweza kusamehewa. Omba kabla ya kulipa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya jiografia, naweza?
Marahaba. Kwa utafiti wa modeli za kompyuta za hali ya hewa, bila hesabu utakwama. Anza na uzamili wa hali ya hewa. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha fani hii kwa miaka mingi. Kama unalenga matumizi ya utabiri kwa wakulima, njia ni fupi zaidi.

Lazima niwe na uzamili?
Marekani si lazima. Idara nyingi huchukua wenye shahada ya kwanza. Ujerumani kwa kawaida wanautaka.

Mkuu, laptop yangu ina RAM GB 4. Inagoma kufungua faili.
Unafungua miaka yote kwa pamoja. Tumia CDO, programu ya kuchakata data za hali ya hewa, kwenye Linux kupata wastani wa mwezi, mwaka mmoja mmoja, kisha unganisha faili hizo ndogo. Kwa swali la vuli huhitaji data ya kila saa hata kidogo: ERA5 ina faili za wastani wa mwezi tayari. Ila mvua humo ni wastani wa siku, hivyo zidisha kwa idadi ya siku za mwezi.

Profesa kanijibu "apply and we'll see". Ni ndiyo?
Bado. Mwulize waziwazi kama ana fedha za mwanafunzi mpya. Akikwepa, omba, lakini endelea kuandikia wengine.