Kununua gari mbovu Unguja na Pemba: namna ya kuipima, kuitia bei na kupatana

Gari iliyolala miezi 6 chini ya mwembe wa gereji inaweza kuwa rizki au shimo la pesa, na rangi yake haitakwambia ni ipi. Kila ubovu una bei yake dukani. Kazi yako ni kuujua ubovu wote, kuutia bei, na kuitoa bei hiyo kwenye thamani ya gari nzima kabla hujataja shilingi mbele ya mwenye gari. Anayeanza kwa kuuliza "mwisho ngapi?" anapatana juu ya hesabu ya muuzaji, yake mwenyewe hana.

Hatua ya 1: Chagua ubovu kwanza, gari baadaye

Ubovu wa kununua ni ule unaofunguliwa na kufungwa kwa siku moja au mbili: shokabu, bushi, boljointi, breki, klachi, stata, altaneta, rejeta, plagi na koili, AC isiyopoa, taa, bampa. Ubovu wa kukimbia ni wa aina nne: kutu ya chesesi (fremu ya chuma inayobeba gari), gari iliyozama maji, gia boksi ya otomatiki inayoteleza, na karatasi zisizolingana na gari.

Gasketi ya hedi, yaani kizibo baina ya hedi (kichwa cha injini) na bloku yake, iko katikati. Muulize mwenye gari: injini ilipochemka, ulizima papo hapo au uliendelea mpaka ikazima yenyewe? Iliyozimwa mapema, mara nyingi hedi hupelekwa kusagwa na kazi ikaisha. Iliyoendeshwa mpaka ikafa, hedi huenda imepinda au imepasuka na ringi zimelegea. Hiyo ihesabu kama gari isiyo na injini.

Aina ya injini nayo ina neno. Injini za Toyota za 1NZ na 2NZ, za kwenye IST, Probox na Vitz nyingi, zina cheni ya taimingi (inayozungusha valvu zilingane na pistoni), spea zake zimejaa na kila fundi anazijua. 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu ya ringi za oili huziba. Ukiona maandishi ya D-4 juu ya injini, jua una pampu ya mafuta ya presha kubwa ambayo si kila fundi anaigusa. RAV4 ya mwanzo yenye 3S-FE inatumia mkanda wa taimingi, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Injini hii mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Kwa hiyo RAV4 ya zamani "iliyozima ghafla njiani" huenda inataka mkanda tu, na wengi huipita wakidhani injini imekufa.

Hatua ya 2: Pa kutafuta

Zungukia gereji mwenyewe, Amani, Mwanakwerekwe, Fuoni, na kwa Pemba Chake Chake na Wete. Usiulize "kuna gari inauzwa?" Uliza ni gari gani imelala na mwenyewe hajarudi. Mara nyingi mwenye gari ameshindwa kulipa spea, na fundi mwenyewe anataka nafasi yake. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, watalii hupungua, na baadhi ya wenye gari za kukodisha huuza Escudo na RAV4 zao wakati huo. Taarifa nyingine hutoka barazani, kwa hiyo waambie watu unatafuta nini khasa.

Dalali hana ubaya, lakini kabla hajakupeleka popote patana naye ujira wake na nani ataulipa. Usipofanya hivyo atatia cha juu kwenye bei, na wewe utadhani unapatana na mwenye gari.

Hatua ya 3: Lala chini, tafuta kutu

Hapa usione haya kuchafuka. Gari za visiwani zinakula chumvi kila siku, na zilizokuwa zikipeleka wageni Nungwi, Paje na Jambiani baadhi yake zimekanyaga mchanga wa pwani wenyewe. Chumvi hukaa ndani ya vyuma vilivyo wazi katikati, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki, na huanza kula kutoka ndani. Nje utaona chesesi nzima na rangi nyeusi mpya, mkono ukigonga unapenya.

Chukua bisibisi nene ya bapa, tochi, sumaku ndogo ya jokofu na kipande cha kitambaa. Tandika gunia, ingia chini. Anza na sehemu za kuinulia jeki, kisha chuma cha ubavuni chini ya milango, kisha sehemu zinapofungwa mikono ya suspensheni ya nyuma, kisha vikombe vya shokabu za mbele ukifungua boneti. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na fupi. Kilicholiwa hutoa sauti nzito, kama unagonga ubao ulioloa, na vumbi la kahawia hudondoka. Hapo geuza bisibisi usukume ncha kwa nguvu za mkono tu. Ikizama, acha kuhesabu gari hiyo.

Escudo za zamani zina chesesi kamili chini ya bodi, hivyo pita nayo urefu wote, na zaidi sehemu inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, ambapo mchanga hujikusanya. Kutu ya juujuu, ya chengachenga, isiyopenya, si sababu ya kuikimbia gari. Ni sababu ya kupunguza bei.

Sasa bodi. Funga sumaku kwenye kitambaa na uipitishe juu ya matao ya matairi na chini ya milango. Pale isiponasa pamejazwa pati, ule uji mzito wa kuzibia bodi kabla ya rangi. Pati ya mkwaruzo ni kawaida. Pati ya upana wa kiganja chini ya mlango maana yake kuna tundu nyuma yake. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari nzima, wakati bodi ya juu imechakaa, ni onyo. Mwenye kuuza hapaki rangi mahali pasipoonekana ila ana sababu.

Kuijua gari iliyozama maji ya mafuriko, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope hubaki kwenye sehemu ambayo haioshwi. Ng'oa pembe ya zulia, angalia reli za viti na plagi za wayaringi chini ya dashibodi. Ukikuta rangi ya kijani kwenye shaba, ondoka. Umeme uliozama ni shida kutengenezeka ukatulia, huibua ubovu mpya kila mara.

Hatua ya 4: Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa huficha mlio wa cheni, moshi wa asubuhi na betri dhaifu.

Fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona maji ya kahawia, jua hakuna koolanti. Watu wametia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chokaa au chumvi inayoziba rejeta na kula hedi ya aluminiamu. Ukikuta utando wa mafuta ndani ya rejeta, au uji wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, gasketi imekwenda.

Mwombe afungue swichi bila kupiga stata. Taa za injini, oili na betri lazima ziwake zote. Isiyowaka kabisa imeng'olewa au imezibwa. Sikiliza feni pia: ikianza kuzunguka swichi inapofunguliwa tu, imeunganishwa moja kwa moja. Hii ni dawa ya mafundi wa haraka kwa gari inayochemka, pamoja na kuitoa thamostati, valvu inayoongoza maji ya kupoza injini. Gari ya namna hiyo itakaa poa dakika 10 za kujaribu na itachemka kwenye foleni ya Darajani.

Washa, na usizime kwa dakika 25, AC ikiwa wazi. Moshi wa buluu ni oili. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ndani ya silinda. Mweusi ni petroli nyingi, na huu ndio wa nafuu. Pima betri kwa mita: injini ikizunguka iwe kati ya volti 13.5 na 14.5.

Ikiwa gari haiwaki au ina moshi, lipa fundi aje na geji ya kompresheni, kipimo cha mgandamizo ndani ya kila silinda. Plagi zote 4 zitolewe, mafuta yakatwe, mguu ukanyage aksileta mpaka chini, stata ipigwe mpaka sindano isimame. Angalia zaidi tofauti baina ya silinda na silinda. Ikizidi kama asilimia 10 kuna jambo. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi. Kisipopanda, valvu au gasketi.

Hatua ya 5: Gia na barabara

Otomatiki: kanyaga breki, toa P tia R, kisha D. Ikichelewa zaidi ya sekunde 2 au ikishtuka kwa kishindo, gia boksi imechoka. Oili yake ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, iache. Barabara za mjini Unguja ni tambarare na huficha gia inayoteleza; gari hiyo hiyo ikivushwa Pemba, nchi ya vilima, inadhihirika wiki ya kwanza. Mnunuzi wa Pemba aijaribu na watu 4 ndani. Usukani ukiwa huru, gari isivute upande. Pita kwenye mashimo taratibu, madirisha wazi, usikilize kama chini kunagonga.

Hatua ya 6: Karatasi

Linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na wakala wa maandishi. Nenda ofisi ya usajili wa vyombo vya moto ujue kama gari ina deni na gharama ya kuhamisha jina. Kama nia yako ni kuivusha Bara, pitia forodha kwanza uulize ushuru wa kutoka namba ya Z ya Zanzibar kwenda namba ya T ya Bara.

Hatua ya 7: Hesabu

Peleka orodha maduka 2 ya spea uandike bei halisi. Mnunuzi wa Pemba atie na gharama ya boti. Kwa mfano, kwa takwimu za kuonyesha njia tu: gari nzima ya aina hiyo inauzwa 10,000,000. Gasketi, kusaga hedi, thamostati na koolanti 550,000. Shokabu 2 na bushi 320,000. Tairi 2, 260,000. Ufundi 300,000. Jumla 1,430,000. Ongeza robo yake, karibu 360,000, kwa ubovu utakaoonekana baada ya kufungua, maana lazima upo. Karatasi 250,000. Tia 1,000,000 kwa hatari unayoibeba na siku zako. Yote 3,040,000. Kilele chako ni 6,960,000, hata roho ikiipenda vipi.

Hatua ya 8: Kukaa na mwenye gari

Anza na salamu kamili na hali za nyumbani. Usiitukane gari ya mtu. Sema hivi: "Ami, gari yako nimeipenda. Nitajie aibu zake zote, na mimi nitakutajia nilizoziona." Kisha nyamaza. Katika biashara ya halali muuzaji ana wajibu wa kutaja kasoro, na mbele ya shahidi wengi hutaja zaidi ya ulizoziona wewe.

Mpe karatasi ya orodha, mwende pamoja mpaka kwenye gari, mkono wake uguse kila kitu. Ndipo utaje bei, kama 6,000,000, na useme imetoka wapi. Akipunguza, na wewe panda kidogo kidogo: 300,000, kisha 200,000, kisha 100,000. Ukifika kileleni, shukuru na acha namba ya simu. Wengi hupiga baada ya siku chache. Lakini mtu anayeuza ili ampeleke mgonjwa hospitali, mpe bei ya haki ya hesabu yako na usimkamue zaidi.

Arubuni, fedha ya kutanguliza, iwe ndogo, iandikwe itarudishwa kwa sharti gani, na mashahidi 2 watie saini, kwa sheha au kwa wakili. Fedha kubwa itoke siku jina linapohamishwa.

Ukishaichukua, tengeneza kwanza mfumo wa kupoza, kisha breki, kisha usukani, rangi mwisho. Kutu ya juujuu isugue kwa brashi ya waya, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke siku 2 juani ndipo ipakwe praima, na kazi hiyo ingoje masika yapite, kwa kuwa chuma chenye unyevu kikifunikwa rangi kinaendelea kuoza ndani.