SOMO: Kabla hujapanda meli ya kruzi, panga kwanza ukiugua huko itakuwaje

Asalam aleikum jamaa zangu. Tangu nirudi safari hili jambo naulizwa kila siku, manake hapa Lamu mtu akisafiri baraza zote zinajua, na sa hivi pale Langoni kuna watu wawili watatu watoto wao walioko Ulaya wanataka kuwakatia tiketi za kruzi, zile meli kubwa za kutalii. Mi nimefanya kazi kwenye hizo meli miaka minne, kazi ya makebini, kutandika vitanda na kuosha vyoo, halafu mwaka jana ndo nikapanda kama abiria na mamangu, dada yetu aliyeko Uingereza ndo alilipa. Tulipandia Barcelona tukazunguka bahari ya Mediterania siku nane. Siku ya tatu mama akaugua. Hii nnayoandika ni yale nnayotamani mtu angeniambia mimi kabla hatujatoka nyumbani.

Sisi watu wa visiwani hili tunalielewa kuliko mtu wa bara. Mtu wa Ndau au Kizingitini akishikwa na uchungu usiku, swali la kwanza si daktari gani, ni mashua ya nani na maji yako wapi. Wazee wanakumbuka Mkanda, ule mkondo wa bahari kati ya Manda na bara, ulivyokuwa ukikauka, mgonjwa yumo chomboni anangoja maji yajae. Sasa ile meli hata iwe na ghorofa kumi na tano na taa kama mji, ukiugua sana hospitali iko ng'ambo tu, na wewe huna mashua.

Hatua ya 1: Jua ulicholipiwa na usicholipiwa

Raha ipo, sikatai. Tiketi moja inakupa kebini, chakula asubuhi mpaka usiku, maonyesho, na unalala bandari moja unaamka nyingine bila kufunga begi. Ukisafiri tena na kampuni ile ile wanakuhesabia pointi, unapata foleni fupi, punguzo, wakati mwingine kebini bora. Ukikata mapema au kupitia wakala mzuri unaweza kupewa kredit ya kutumia melini, kwa hiyo uliza kabla hujalipa, usione haya. Chakula cha halali na kiti cha magurudumu kwa mzee viombe wakati wa kukata tiketi, siku ya kupanda umechelewa.

Yasiyokuwemo kwa kawaida ni soda na vinywaji vingine, waifai, matembezi ya bandarini, bakshishi ya wafanyakazi (nyingi huikata kila siku kwenye akaunti yako moja kwa moja) na DAKTARI. Hilo la daktari ndo watu wengi hawalijui, wanadhani maadamu kliniki imo mle ndani basi ni bure.

Hatua ya 2: Pasipoti, viza, chanjo

Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isibaki chini ya siku 15, lakini wewe usingoje hizo siku 15. Tazama njia ya meli vizuri, kama inatoka eneo la Schengen ikaenda mfano Uturuki au Tunisia halafu irudi, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, vinginevyo utapata tabu. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha, hakiishi tena baada ya miaka 10. Piga picha vyote uweke kwenye simu, na nakala za karatasi mwachie mtu nyumbani.

Hatua ya 3: Bima, na hapa tusiharakishe

Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Watu wananunua ile ya bei rahisi kabisa ili viza itoke tu, basi. Soma inafanya kazi nchi gani. Kama imeandikwa Schengen peke yake na meli yako inatia nanga Tunis, siku hiyo huna bima kabisa. Nunua ya dunia nzima, na uliza maneno haya haya: je inalipa kliniki ya melini, je inalipa kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta au ndege, je inalipa kumrudisha Kenya, je inamlipia hoteli na tiketi yule anayemsindikiza. Hili la kumtoa mgonjwa ndo kubwa, ndege ya wagonjwa kutoka ng'ambo inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola na hakuna harambee itakayochangwa ikafika kwa wakati.

Halafu andika ugonjwa ulionao. Sukari, presha, pumu, moyo, yote. Kuna watu wanaficha ili bima iwe rahisi, na siku ya kuklemu wanaitisha faili lako la hospitali wanaona unameza vidonge toka zamani, hawalipi hata senti. Sisi tuliandika sukari ya mama, tukaongezewa pesa kidogo, na ndo maana tulilipwa.

Ile namba ya simu ya bima ya saa 24 iandike kwa kalamu kwenye karatasi. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Hatua ya 4: Dawa

Mizigo mikubwa unaiacha pale bandarini wanaibeba wao, na inaweza kukufikia kebini magharibi au hata usiku. Mi nilijua hili, nimebeba sutikesi za watu miaka minne, na bado kipimo cha sukari cha mama nikakitia kwenye sutikesi kubwa. Vidonge alikuwa navyo mkobani, kipimo hapana, na hata begi lilipofika nikalisukuma chini ya kitanda sikukitoa.

Siku ya tatu asubuhi mama akameza kidonge chake cha sukari, akala chai na mkate, bahari ikachafuka akatapika vyote. Nikasema ni bahari tu, itatulia, nikampa tangawizi. Baada ya kama saa moja namwona ameketi kitandani jasho linamtoka hali kebini ina baridi, anatafuta ncha ya leso ajifunge, anaikosa, anaitafuta tena anaikosa, vidole vinatetemeka, na ananiita jina la marehemu mjomba. Akanambia, "Mwanangu, naona kiza." Hapo ndo nikajua si bahari. Nikapiga simu ya kebini, wakaja na kiti cha magurudumu, wakamdunga kidole, sukari 2.6 kwa kipimo cha mmol/L. Ikishuka chini ya 4 tayari ni ya kushughulikiwa, hiyo 2.6 ni hatari. Wakamtia dripu ya glukosi na sindano ya kuzuia kutapika, wakamweka mpaka alasiri, manake kidonge bado kiko mwilini na sukari inaweza kushuka tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Dawa zote begi la mkononi, zikiwa kwenye paketi zake, za safari nzima na wiki moja ya ziada. Omba barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, si jina la kampuni, mfano metformin ya sukari inajulikana kila nchi. Kipimo, vibanzi vyake, na kitu kitamu mfukoni, peremende au sukari yenyewe. Na kama mtu wako anameza kidonge cha kushusha sukari au anajidunga insulini, muulize daktari KABLA ya safari afanye nini siku akitapika. Hilo swali moja lingetuokoa sisi.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza melini

Kabla hujaenda kuangalia bwawa, nenda ukaone kliniki iko ghorofa gani na inafunguliwa saa ngapi. Namba ya dharura inabandikwa kwenye simu ya kebini, isome na mzee naye aisome. Simu yako iweke modi ya ndege, mtandao wa setilaiti wa melini unakula pesa hata hujapiga. Mikono oshea maji na sabuni kabla ya kula, ile dawa ya kupaka mikononi haimalizi norovirus, virusi vya kuhara na kutapika, na kuhara kwenye meli kunasambaa haraka.

Hatua ya 6: Ikitokea

Kliniki ya meli kubwa ina daktari na manesi, oksijeni, dripu, vipimo vya damu, nyingi zina eksirei. Upasuaji usitegemee. Mgonjwa mzito wanamtuliza, kisha wanamshusha bandari inayofuata, na helikopta inategemea meli iko mbali kiasi gani na hali ya hewa. Ukishushwa, meli inaondoka. Kwa hiyo kuwe na begi dogo tayari lenye pasipoti, dawa, kadi ya benki, chaja na nguo za siku mbili. Pigia bima kabla ya kulazwa ikiwezekana, wengine wasipoambiwa mapema huleta shida. Ulaya ukiwa nchi kavu dharura ni 112, Uingereza 999, Marekani 911.

Bili yetu ilikuwa dola 740, ikawekwa kwenye akaunti ya kebini, tukalipa kwa kadi ya dada. Usishuke bila ripoti ya daktari na risiti inayoonyesha kila kitu kimoja kimoja. Tulituma, wiki sita wakarudisha, wakakata dola 100, ile sehemu unayojibebea mwenyewe, iko kwenye mkataba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili, Malindi: Kaka asante sana. Mimi nalipa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kila mwezi, si itanisaidia huko?

Jibu: Hapana dada yangu. SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 endelea kulipa kwa ajili ya nyumbani, lakini kliniki ya meli au hospitali ya Naples haikupokei kwayo. Bima ya safari ni kitu kingine kabisa.

Kijana wa Matondoni: Bro, babangu anadunga insulini. Kebini si ina friji?

Jibu: Friji nyingi za kebini ni za kupoza soda tu, usiziamini. Andikia kampuni mapema, ama wakupe friji ya dawa ama kliniki ikuwekee. Kwenye ndege insulini ikae mkononi, huko chini kwa mizigo inaweza kuganda na ikiganda haifai tena. Omba pia kopo la kutupia sindano, usitupe kwenye pipa. Mi nimeshadungwa na sindano ya mgeni nikikusanya taka, na ile wiki ya kungoja majibu ya damu sitaisahau.

Nahodha mstaafu, Shela: Sisi tumezaliwa kwenye jahazi, hayo ya kutapika ni ya watu wa bara.

Jibu: Ami, kwa heshima, mama naye ni binti wa nahodha. Chomboni unaona mawimbi na unapigwa na upepo, kule umefungiwa ndani kiwiliwili kinayumba na macho hayaoni kitu. Chukua kebini ya katikati ya meli, ghorofa za chini, huko kunayumba kidogo zaidi.

Bwana harusi, Malindi: Mke wangu atakuwa na ujauzito wa miezi sita tukisafiri, tuko salama?

Jibu: Usikate tiketi kwanza. Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito aliyefika wiki ya 24, na wanahesabu mpaka mwisho wa safari, si siku ya kupanda. Miezi sita mmeshapita hapo. Ngojeni mtoto azaliwe inshallah.

Mpita njia: Napitia Dubai, nina vidonge vya maumivu vyenye codeine nilivyoandikiwa.

Jibu: Codeine na tramadol ni dawa za kudhibitiwa Imarati, watu wameshawahi kushikwa. Ukiwa na ya daktari, omba kibali cha serikali yao kwenye mtandao kabla ya safari. Bora zaidi muulize daktari kama kuna dawa nyingine. Na miraa msithubutu kuelekea nayo Uingereza, imepigwa marufuku tangu 2014.

Mzee wa Mkomani: Mwanangu, Mungu aepushe, lakini mtu akifariki huko baharini inakuwaje? Sisi maiti hatuiweki.

Jibu: Shikamoo mzee. Swali hili ndo zito kuliko yote na nashukuru umeliuliza. Meli kubwa zina chumba cha baridi, maiti inakaa mpaka bandari ambayo serikali yake itakubali kuipokea, na kuirudisha Kenya kunaweza kuchukua siku nyingi kwa sababu ya karatasi. Bima nzuri inalipa kurudisha maiti au kuzika huko huko, soma hicho kipengele. Kabla hatujaondoka nilikaa na mama jikoni nikamuuliza. Akasema azikwe pale pale alipofia, kwenye makaburi ya Waislamu, asicheleweshwe. Nikaandika, dada akaandika, sote watatu tukatia sahihi, karatasi ikawa kwenye lile begi dogo pamoja na namba ya msikiti wa mji tuliopandia. Mzungumze nyumbani mzee wangu, ukiwa mzima na una afya.

Mama Wawili, Malindi: Na mama anaendeleaje sasa?

Jibu: Alhamdulillahi dada. Daktari wake amembadilishia kidonge. Kipimo sasa anakifunga mwenyewe kwenye ncha ya leso, hata akienda sokoni.