Ukumbi kwanza, kichekesho baadaye: namna ya kufanya shoo za vichekesho mjini na mikoani

Fika ukumbini viti vikiwa bado vinapangwa. Huu ndio ushauri wa kwanza ninaompa kila kijana anayenifuata baada ya shoo kuniuliza aanzie wapi, na wengi hawaufurahii, maana walitegemea niwape siri ya vichekesho vyenyewe. Vichekesho tutavifikia. Kwanza viti.

Nimefanya kazi hii kwenye kumbi za Sinza na Temeke, kwenye harusi za Mbezi, sherehe za makampuni za mwisho wa mwaka, baa za Morogoro na Dodoma, na kwenye usiku wa vichekesho ambao watu wamelipa kiingilio waje kucheka tu. Kote huko, waliokaa wakibanana hucheka, waliotawanyika huishia kutabasamu. Kicheko kinaambukiza. Mtu akicheka, aliyegusana naye bega anapata ruhusa ya kucheka pia. Kwa hiyo ukikuta viti vimepangwa mbalimbali, na safu mbili za mbele zimeachwa wazi zikisubiri wageni rasmi ambao huenda wasije, mtafute mwenye ukumbi mapema na umwombe kwa adabu zisogezwe. Akikataa, subiri MC apande, kisha umwombe yeye awaite watu wa nyuma waje mbele. Yeye hawamkatalii.

Ukumbi wa harusi ni mgumu kuliko yote. Maharusi wako juu kwenye jukwaa lao, kamati iko pembeni, wazazi wako kwenye viti vya heshima, na katikati umeachwa uwanja mkubwa wa kuchezea muziki na kuingizia keki. MC atakukaribisha usimame katikati ya uwanja huo. Usikubali. Kutoka hapo hadi meza ya kwanza ni mbali, na mgongo utawaelekea ama maharusi ama wageni. Mimi humfuata MC mapema, namwamkia, namwomba mambo mawili. La kwanza, nisimame ukingoni mwa uwanja, karibu na meza za marafiki wa bwana harusi, kwa sababu hao hucheka haraka na wengine watawafuata. La pili, nisipandishwe wakati wa chakula. Mtu mwenye paja la kuku mkononi hacheki. Pilau likianza kupakuliwa, omba usogezwe hadi sahani zitakapoondolewa, hata kama utakaa saa nzima zaidi.

Kisha nenda kwa fundi mitambo, na uende mwenyewe, usitume mtu. Mazungumzo yetu karibu kila mara ni haya:

“Dada, unaimba nini leo?”

“Siimbi, kaka. Naongea tu. Naomba uniondolee mwangwi wote.”

Wengi hushangaa, kwa sababu kwa mwimbaji na MC mwangwi unapendeza. Kwa mchekeshaji ni sumu. Neno lako la mwisho linajirudia juu ya kicheko na watu wananyamaza wakidhani bado unaendelea kuongea. Akikuondolea, jaribu maiki kwa kusema kichekesho kifupi kwa sauti yako ya kawaida, si kwa “moja mbili, moja mbili”, halafu tembea na hiyo maiki hadi utakaposimama usikilize kama inapiga mluzi. Muulize betri zimewekwa lini. Nina betri mpya kwenye mkoba siku zote.

Sasa vichekesho. Kimoja ninachokipenda nilikipata Mbagala, na nakiandika hapa kama ninavyokisema. Konda anakwambia, “Ingia dada, viti vipo!” Unaingia. Kweli, viti vipo. Vina watu.

Tazama kilivyokaa. Neno linalochekesha liko mwisho kabisa, na baada yake hakuna kitu. Ukisema “vina watu, wamejaa mpaka mlangoni, huna hata pa kushika”, umewapa maneno mengine ya kusikiliza wakati walikuwa tayari kucheka. Na kati ya “viti vipo” na “vina watu” mimi hunyamaza. Navuta pumzi moja, natazama kushoto, natazama kulia nikitafuta pa kukaa. Ukumbi unaanza kucheka kabla sijasema lolote, kwa sababu kila mmoja wao ameshawahi kusimama pale. Kimya hicho kinatisha sana mwanzoni. Fanyia mazoezi kimya kama unavyofanyia mazoezi maneno.

Kichekesho kikivuka mpaka, kivalishe nguo za kule. Nairobi konda wangu anahamia kwenye matatu, na naongea kwa kasi zaidi kwa sababu ukumbi wa Nairobi unacheka na kumaliza upesi. Sijaribu Sheng. Watu wanaujua mgeni anayejilazimisha, na Kiswahili changu cha Dar kinawafurahisha kikiwa vilevile.

Kingine ni muda. Ukipewa dakika 5, shuka ya nne na nusu. Mwombe mwenzako akuwashie tochi ya simu kutoka nyuma ya ukumbi ikibaki dakika moja. Anayezidisha muda anakula muda wa anayemfuata, na habari hizo zinafika kwa waandaaji kabla hujapanda daladala ya kurudi nyumbani. Na kama kabla yako kulikuwa na msanii wa singeli, usipande papo hapo. Watu wamesimama, miili ina moto, masikio yamezibwa na spika. Mwombe MC aongee nao dakika tatu hivi mpaka wakae.

Nadhani ugumu wa kusimama peke yako unatokana pia na tulikotoka. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, vilizunguka kumbi na baa za Dar na onyesho lenye ngoma, sarakasi, taarab, maigizo na vichekesho, vyote kwa kiingilio kimoja. Amri Athumani wa Tanga, ambaye wote tulimjua kama King Majuto hadi alipofariki mwaka 2018, alivunja watu mbavu kwa kuigiza. Vijana wa Ze Comedy, waliokuwa kwenye runinga za EATV na kisha TBC, nao walikuwa kundi. Nimekua nikiwaangalia na ninawaheshimu mno. Lakini wote walikuwa na mwenzao wa kuwajibu, na walikuwa na mavazi. Sisi tunaopanda na maiki tu, kwenye jukwaa kama la Cheka Tu au kama wenzetu walivyozoea kwa Churchill Show kule Nairobi, anayetujibu ni ukumbi wenyewe. Ndiyo maana nausoma kwanza.

Na kuusoma ukumbi wa mikoani ni kujua watani wako ni akina nani. Mimi ni Mpare. Moshi naweza kumwambia mzee wa Kichaga kwamba Krismasi harudi nyumbani kusali, anarudi kukagua mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, naye atacheka mpaka ajifute machozi, kisha ataninyooshea kidole na kunirudishia ya Wapare na kesi zao. Mimi nasimama napokea, ukumbi mzima unashangilia. Maneno hayohayo akiyasema mtu asiye mtani yanageuka matusi. Nikiwa Iringa sijipi ruhusa ya kuwatania Wahehe. Nauliza, “Kuna Mngoni humu?” Daima yupo. Namsogezea maiki amtanie Mhehe wake, na kazi yangu inabaki kuwaamua. Utani huu wa makabila ni mali tuliyorithi, wazee wetu wanautumia hadi msibani, na inaniuma nikiona chipukizi anaufanya wa kudhalilisha. Dini za watu na ulemavu wa mtu siviweki kwenye seti kabisa.

Kuna jambo ambalo video za wachekeshaji wa Ulaya na Marekani hazitakufundisha: kutunzwa. Kwetu mtu akifurahi anainuka, anatembea taratibu katikati ya meza na noti ya elfu kumi mkononi, na macho yote yanamfuata yeye. Uko katikati ya kichekesho. Usijifanye humwoni, na usimharakishe. Simama, pokea kwa mikono miwili, sema “Ahsante baba” au “Ahsante mama” kwenye maiki ili heshima yake isikike, msubiri arudi akae. Kisha kianze kichekesho upya tangu mwanzo. Ukiendelea pale ulipoishia, hakuna anayekumbuka ulipokuwa.

Mlevi anayepiga kelele namjibu mara moja, kwa upole. Akirudia, namwachia MC na walinzi.

Umeme nao hukatika. Morogoro ulikatika nikiwa nasimulia habari za mama mkwe anayekuja “kusalimia” na mabegi matatu. Nilishuka jukwaani, nikakaa kwenye kona ya meza ya katikati, nikamwomba dada mmoja aniwashie tochi ya simu usoni, nikaendelea kwa koo langu. Waliokuwa nyuma hawakunisikia, basi wakabeba viti vyao wenyewe wakaja kunizunguka. Ule ulikuwa mpangilio wa viti nilioutamani tangu naanza kazi hii, na walicheka kuliko usiku wowote ninaoukumbuka. Jenereta lilipowaka nilikataa kurudi jukwaani.

Kuhusu fedha nitasema machache. Nusu ya malipo iingie kwenye simu kabla hujapanda basi, nauli na malazi vitajwe kando, na makubaliano yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp. “Utajulikana” hailipi gesti. Kwa dada zangu: panga tangu mchana bodaboda au teksi ya kukurudisha, na dereva awe unayemfahamu, kwa sababu shoo zetu huisha saa saba usiku na mwandaaji atakuwa anahesabu viingilio.

Rekodi kila shoo kwa simu, hata kama sauti ni mbaya. Mimi huisikiliza kwenye basi asubuhi, daftari likiwa mapajani, na naandika palipochekwa na palipokuwa kimya. Kichekesho kikinyamaziwa ukumbi mmoja, sikitupi. Nakiangalia kwanza kilisemwa wapi: baada ya chakula au wakati wa chakula, viti vilikaaje, mwangwi ulikuwepo. Nakipeleka mkoa mwingine kilevile. Kikinyamaziwa na huko, nafupisha maneno ya mbele na kukijaribu mara ya mwisho, na hapo ndipo naamua kukiacha.