Somo: Namna ya kupima akili ya vita ya adui katika pambano la anime (katuni za Kijapani)

Kila tunapobishana kuhusu adui mwenye akili kuliko wote, hoja zinazoletwa huwa za aina mbili: kwamba alishinda, au kwamba alieleza mpango wake kwa maneno mengi huku muziki ukipanda. Hoja hizo hazinitoshi, kwa sababu ushindi unaweza kuletwa na nguvu tupu, na maelezo marefu mara nyingi ni kazi ya mwandishi wa hadithi anayetaka mtazamaji asipotee njia. Ninachokipima mimi ni kile ambacho adui alikuwa anakijua wakati anafanya uamuzi, pamoja na gharama aliyokubali kuilipa ili ajue zaidi.

Mfano nitakaoutumia ni pambano la Hisoka na Kastro katika mnara wa Heavens Arena, kwenye Hunter × Hunter, toleo la mwaka 2011 lililotengenezwa na studio ya Madhouse. Nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa watazamaji wengi hulikumbuka kama pambano la mwendawazimu anayefurahia kukatwa mikono. Ambaye hajaliona aishie hapa, maana nitafichua hadi mwisho wake.

Hatua ya kwanza: tazama mara mbili, na mara ya pili uondoe sauti

Mara ya kwanza tazama kama mtu yeyote, ufurahi. Mara ya pili zima sauti na maandishi ya tafsiri, ufuate mikono, miguu na macho tu. Utaona mambo ambayo maneno huyafunika: nani anasogea kwanza, nani anarudi nyuma, nani anatazama wapi kabla ya pigo kutua. Kwa pambano hili faida ni kubwa kuliko kawaida, kwa sababu Hisoka husema sana, na sehemu kubwa ya anachokisema imekusudiwa kumvuruga mpinzani. Ukimsikiliza, atakuvuruga na wewe.

Hatua ya pili: simamisha picha kwenye kila uamuzi

Siyo kila pigo ni uamuzi. Kukwepa ngumi inayokuja usoni ni mazoea ya mwili. Uamuzi ni pale ambapo adui alikuwa na njia mbili au zaidi, akachagua moja. Simamisha hapo, kisha andika safu tatu kwenye daftari: anachokijua, anachokidhani, na anachokitoa. Kuwa mkali na safu ya kwanza. Jambo ambalo wewe mtazamaji umelijua baadaye haliruhusiwi kuingia humo, hata kama unatamani kumsifu mhusika wako.

Katika pambano letu uamuzi mkubwa wa kwanza unakuja mapema. Kastro, ambaye alishindwa na Hisoka miaka miwili kabla na amekuja kulipiza, anampiga Hisoka kutoka pande ambazo haziwezekani. Hisoka anamwona mbele, anakwepa, na bado pigo linatua kutoka upande mwingine. Kastro anatangaza kwamba atachukua mkono wake kwa ile ngumi yake inayorarua kama meno ya simbamarara. Hisoka anajibu kwamba atampa wa kushoto. Kinachofuata ni Kastro kutokea nyuma na kuukata wa kulia.

Sasa jaza daftari. Anachokijua Hisoka: mapigo yanatoka pande mbili ndani ya muda ambao mwili mmoja hauwezi kuutumia. Anachokidhani: huenda ni kasi, huenda ni kiini macho, huenda ni kitu cha tatu. Anachokitoa: mkono. Nilipoliona pambano hili mara ya kwanza niliandika kwamba hapa Hisoka alizembea, na nikabaki na maoni hayo muda mrefu. Kosa langu lilikuwa kuhesabu mkono kama hasara ya mwisho. Baada ya pambano, mwanamke anayeitwa Machi anaiunganisha mikono yake kwa nyuzi za Nen, yaani ustadi wa kutumia aura, nguvu ya uhai iliyo mwilini, tena kwa malipo. Kwa mtu mwenye fundi wa namna hiyo, mkono ni dhamana inayoweza kukombolewa. Alichokinunua kwa dhamana hiyo ni kuiona mbinu ya mpinzani ikitumika kikamilifu, kwa karibu, mara moja.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Alikusudia kutoa wa kushoto, akapoteza wa kulia. Hesabu yake ilikosea kwa mkono mmoja, na daftari lazima liandike hivyo.

Hatua ya tatu: tafuta jaribio

Hapa ndipo akili ya vita inapoonekana waziwazi. Adui mwenye akili huwa halazimiki kukisia kwa muda mrefu, kwa sababu hutengeneza tukio dogo ambalo jibu lake litamwambia lipi kati ya makisio yake ni kweli. Mfano safi zaidi haupo hata kwenye pambano hili. Katika anime ya JoJo, msimu wa Stardust Crusaders, DIO, adui mwenye uwezo wa kusimamisha muda, anagundua kwamba mpinzani wake Jotaro anaweza kusogea ndani ya muda uliosimamishwa. Hajui anaweza kusogea kwa kiasi gani, basi anakaa mbali na kumrushia visu. Jotaro anapolala kama maiti, DIO anatega sikio ili asikie kama moyo unapiga. Jotaro anausimamisha moyo wake kwa kutumia Star Platinum, yaani roho inayompigania, na jaribio linaleta jibu la uongo. Ona kwamba jaribio lilikuwa zuri ingawa lilishindwa: mpinzani alilazimika kuhatarisha uhai wake ili alipotoshe.

Hisoka jaribio lake ni la macho. Kastro anaweza kutengeneza nakala yake mwenyewe, mtu wa pili anayefanana naye na anayepiga kama yeye. Hisoka anaona kwamba mapambano yamemchafua Kastro wa kweli, lakini nakala inatokea safi, kwa kuwa inaumbwa kutokana na taswira ambayo Kastro anayo kuhusu nafsi yake. Tangu hapo swali la yupi wa kweli limekwisha. Simamisha picha pale miili miwili inaposimama pamoja, ukague nguo. Watengenezaji wa picha wamekuachia ushahidi, na ni haki yako kuutumia.

Hatua ya nne: tenganisha sarakasi na kazi

Sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote, nami nitakaa hapa. Baada ya kukatwa mkono, Hisoka anafanya mazingaombwe ya karata. Anamtaka Kastro achague karata moja kati ya 13, kisha aongeze 4 kwenye namba yake, azidishe kwa 2, atoe 6, agawanye kwa 2, na mwisho atoe ile namba aliyoichagua mwanzoni. Chukua 7: inakuwa 11, halafu 22, halafu 16, halafu 8, ukitoa 7 inabaki 1. Chukua 12: inakuwa 16, 32, 26, 13, inabaki 1. Chagua yoyote, jibu ni 1 daima, kwa hiyo karata iliyochomolewa kwenye kidonda cha mkono ilikuwa imeandaliwa kabla swali halijaulizwa.

Mtazamaji wa kawaida anaona kichaa anayecheza na damu yake. Weka sarakasi upande mmoja, uulize ni kazi gani imefanyika wakati Kastro anahesabu. Kwanza, muda umepita bila Kastro kushambulia, ingawa mpinzani wake alikuwa na mkono mmoja. Pili, karata zimetawanyika sakafuni na hakuna anayezijali. Tatu, kwa kutumia Bungee Gum, yaani aura inayonata na kuvutika kama mpira, na Texture Surprise, inayoipa aura sura ya kitu chochote juu ya uso mwembamba, Hisoka anauonyesha mkono wa kulia kana kwamba umerudi mahali pake. Kastro anaanza kuujadili mkono huo moyoni badala ya kupigana.

Malipo yote yanakuja kwa pamoja. Mkono wa kushoto, ambao nao Kastro amekwisha kuukata, ukivutwa na Bungee Gum, unampiga Kastro kutoka mahali asipotazama. Karata zilizolala sakafuni zinaruka na kumchoma. Anajaribu kuita nakala, nayo haitokei, maana inahitaji utulivu mkubwa wa akili, na utulivu huo umekwisha kuvurugwa kwa pigo na kwa maneno.

Hatua ya tano: pima alichojua kuhusu mtu, mbali na mbinu

Hisoka anasema kwamba Kastro alijimaliza mwenyewe kwa kujaza nafasi ya kumbukumbu yake. Kastro kwa asili ni wa kundi la Nen la kuimarisha mwili, lakini nakala inadai kuumba vitu na kuviendesha, fani zilizo mbali na kipaji chake. Aliwekeza karibu kila alichonacho kwenye mbinu moja isiyomfaa, akakosa akiba ya kujibu jambo jipya. Nakiri kwamba hatua hii ni ngumu, kwa sababu maelezo ya namna hii mara nyingi huja baada ya pambano, na hatuwezi kuthibitisha kwamba adui aliyajua tangu mwanzo. Mimi huipa alama pale tu ninapoona kitendo kilichotangulia ambacho kisingekuwa na maana bila ujuzi huo. Hapa kitendo kipo: Hisoka alielekeza juhudi zake kwenye utulivu wa Kastro, akaiacha ngumi ya Kastro inayorarua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi naona Aizen, adui katika anime ya Bleach, ndiye mwenye akili kuliko hawa wote, kwa sababu kila kitu alikipanga mapema. Daftari lako litampa alama ngapi?

Jibu: Marahaba. Litampa alama nyingi kwa maandalizi na chache kwa vita yenyewe. Kyoka Suigetsu, upanga wake wa kiini macho, humtawala kila aliyeshuhudia ukifunguliwa, hivyo anapoingia uwanjani mpinzani amekwisha kushindwa kabla ya kuchomoa upanga. Hiyo ni akili, ila ni ya mpangaji. Zaidi ya hapo, mengi tunayaamini kwa sababu yeye mwenyewe anatuambia kwamba aliyapanga. Tafuta sehemu ambapo anakutana na jambo asilolitarajia, kisha ujaze safu zako hapo.

Swali: Ndugu mwandishi, je, adui aliyeshindwa anaweza kuwa na akili ya vita kuliko aliyemshinda? Namfikiria Meruem, yule mfalme adui wa Hunter × Hunter, mbele ya mzee Netero.

Jibu: Anaweza, na mfano wako ni mzuri kuliko nilioutumia mimi. Meruem anapigwa mfululizo na mikono ya sanamu ambayo Netero huiita kwa Nen, mikono asiyoweza kuikwepa, lakini anaendelea kuisoma kama anavyosoma ubao wa Gungi, mchezo wa kete unaofanana na sataranji, akiamini kwamba katika mapigo mengi namna ile lazima mtu awe na mazoea, na kwenye mazoea pana mwanya. Anaupata, na Netero anapoteza mguu na mkono. Kilichomuua ni bomu lililofungwa ndani ya mwili wa mzee yule, kitu ambacho hakikuwemo kwenye safu ya anachokijua wala ya anachokidhani. Usimkate alama kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulifahamu. Unaweza kumkata kidogo kwa kutojiuliza kwa nini mtu aliyepoteza mguu na mkono na kuishiwa nguvu bado anatabasamu.

Swali: Kaka, kuna watu wanasema Hisoka si adui, ni mhusika wa katikati tu. Je, somo hili linamhusu?

Jibu: Katika pambano hili anasimama upande wa kuogopwa na anaua, na hilo linanitosha. Ukipenda, mwite mpinzani. Safu za daftari hazibadiliki kwa kubadilisha jina.

Swali: Mimi hutazama kwa maandishi ya tafsiri, na tafsiri mbili za pambano moja huwa zinatofautiana. Niamini ipi ninapoandika anachokijua adui?

Jibu: Usiandike safu ya kwanza kutokana na maneno peke yake. Iandike kutokana na kile ambacho macho yake yangeweza kukiona pale alipokuwa amesimama, kisha tumia tafsiri kwenye safu ya pili, ya anachokidhani. Ikiwa tafsiri moja inasema Hisoka alikuwa na hakika na nyingine inasema alikuwa anashuku, rudi kwenye picha uangalie alichofanya sekunde chache baadaye. Mwenye hakika hushambulia. Anayeshuku huuliza swali jingine, au hutoa mkono mwingine.